Abe Fortas: mwamuzi aliyetaka mtoto asisimame peke yake mbele ya sheria

Mtoto anakamatwa asubuhi. Papa na mama wako kazini, na hakuna mwenye anawaachia habari, hata karatasi ku mlango. Jioni mama anarudi, anauliza mtoto iko wapi, anatuma kaka yake mkubwa kumtafuta kwa majirani, na ni kule ndiko wanasikia kama polisi walimpeleka. Mambo kama hayo wazazi wa Goma, Bukavu, Bunia ao Uvira wanayajua vizuri. Lakini hii ilitokea mbali, huko Globe, mji mdogo wa machimbo ya shaba katika jimbo la Arizona, inchini Marekani, tarehe 8 mwezi wa sita 1964. Mtoto alikuwa na miaka 15, jina lake Gerald Gault. Siku saba kisha, mwamuzi aliamua apelekwe kwenye nyumba ya kufungia watoto, na akae humo mpaka afikishe miaka 21. Ni miaka sita. Avoka hakukuwa.

Kesi hiyo ilipanda ngazi mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, na mwamuzi aliyepewa kazi ya kuandika hukumu yake aliitwa Abe Fortas. Watu wa sheria wanalijua jina lake kwa sababu mbili. Ya kwanza, ndiye aliandika kwamba mtoto naye ana haki ya kuwa na avoka. Ya pili, miaka miwili tu kisha alilazimika kuacha kiti chake juu ya mambo ya feza. Ni mtu yuleyule, na haifai kusimulia moja na kuficha ingine.

Fortas alizaliwa tarehe 19 mwezi wa sita 1910 mjini Memphis, jimbo la Tennessee, kusini mwa Marekani. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohama kutoka Ulaya, na yeye alikuwa wa mwisho kati ya watoto watano. Baba yake alikuwa anatengeneza vyombo vya nyumba vya mbao. Nyumbani feza haikuwa nyingi. Abe alijifunza kupiga violini, na akiwa angali kijana alikuwa anapiga ku sherehe za dansi ili apate kitu cha kuleta nyumbani. Ile violini hakuiacha maisha yake yote. Hata alipokuwa mukubwa huko Washington, siku ya yenga alikuwa anakusanya marafiki nyumbani kwake wapige muziki pamoja.

Memphis ya wakati ule ilikuwa mji wa ubaguzi ulioandikwa katika sheria: masomo ya weupe mbali, masomo ya weusi mbali, na ku tribinali kila mtu alijua nani atasikilizwa na nani hatasikilizwa. Mtoto wa Wayahudi alikuwa katikati, si chini kabisa, na juu pia hapana.

Ku masomo alikuwa na akili ya ajabu. Alimaliza chuo mjini kwao mwaka 1930, akapata msaada wa kwenda kusomea sheria Yale, moja ya vyuo vikubwa vya Marekani, na akamaliza mwaka 1933. Palepale Yale wakamchukua kama mwalimu. Wakati huo Rais Franklin Roosevelt alikuwa anatafuta vijana wenye akili wa kumsaidia kuinua inchi iliyoanguka kwa shida ya uchumi. Fortas akaenda Washington. Mwaka 1942, akiwa na miaka 32 hivi, alikuwa tayari namba mbili katika wizara ya mambo ya ndani. Huko Marekani wizara hiyo haishughulikii polisi kama kwetu. Kazi yake ni ardhi, maji, na visiwa vilivyo chini ya Marekani, kama Puerto Rico. Watu wa Puerto Rico wakawa marafiki zake, na urafiki huo utarudi mwishoni mwa habari hii.

Kisha vita vya pili vya dunia alitoka serikalini, akafungua kabine ya maavoka pamoja na wenzake Thurman Arnold na Paul Porter. Kabine hiyo ilipata feza nyingi sana, juu ilikuwa inatetea makampuni makubwa. Lakini pia, wakati Marekani ilishikwa na woga wa wakomunisti na watumishi wengi wa serikali wakashitakiwa bila ushahidi wa maana, Fortas na wenzake waliwatetea wengi wao, mara nyingi bila kulipwa. Maavoka wengine waliogopa kuguswa na kesi hizo. Yeye hakuogopa.

Mwaka 1948 alimsaidia mwanasiasa mmoja wa Texas, Lyndon Johnson, aliyeshinda uchaguzi wa ndani wa chama kwa kura 87 tu, na ushindi wake ukapelekwa ku tribinali. Fortas alimwokoa. Toka siku ile Johnson hakumwacha tena. Alikuwa anamwita usiku na mchana kumuuliza shauri. Urafiki huu ulimpandisha, na ndio pia ulimwangusha.

Kabla ya kufika kwa watoto, lazima kupitia kwa mzee mmoja mfungwa. Mwaka 1961, Clarence Gideon, mtu maskini wa Florida, alishitakiwa kwamba alivunja na kuingia katika nyumba ya kuchezea biliari. Mbele ya mwamuzi aliomba apewe avoka kwa sababu hakuwa na feza ya kumlipa. Wakamjibu kwamba katika jimbo lile avoka wa bure anapewa tu mtu ambaye anaweza kuhukumiwa kufa. Gideon akajitetea mwenyewe, akashindwa, akapewa miaka mitano. Ndani ya gereza akachukua kalamu ya risasi na karatasi, akaandika malalamiko kwa Mahakama Kuu. Mahakama ikayapokea, na ikamtafutia avoka wa kumsemea. Ikamchagua Fortas. Hapo hakulipwa kitu.

Alisimama mbele ya waamuzi tisa mwezi wa kwanza 1963. Hoja yake moja kila mtu aliweza kuielewa. Aliwakumbusha Clarence Darrow, avoka mashuhuri kuliko wote wa Marekani siku za mbele: siku aliposhitakiwa yeye mwenyewe, Darrow hakujitetea, alienda kutafuta avoka. Kama bingwa yule aliona hawezi peke yake, Gideon angeweza namna gani? Tarehe 18 mwezi wa tatu 1963 waamuzi wote tisa walikubali. Kesi ikaanza upya, safari hii Gideon akiwa na avoka pembeni, na akaachiliwa huru. Ushahidi ulikuwa karibu uleule. Kilichobadilika ni kwamba sasa alikuwepo mtu mwenye kujua kuuliza mashahidi.

Mwaka 1965 Johnson, sasa akiwa rais, alimweka Fortas kuwa mwamuzi wa Mahakama Kuu. Inasemekana kwamba Fortas mwenyewe hakutaka, na bibi yake Carolyn Agger, naye avoka wa mambo ya kodi, alikataa kabisa, juu mshahara wa mwamuzi ulikuwa kidogo sana mbele ya feza ya kabine. Johnson hakuwa mtu wa kukubali jibu la hapana.

Haukupita muda, kesi za watoto zikaanza kumfikia. Ili kuelewa alichokifanya, inafaa kujua tribinali za watoto zilitoka wapi. Ya kwanza ilifunguliwa Chicago mwaka 1899, na wazo lake lilikuwa zuri. Kabla ya hapo mtoto aliyeiba alikuwa anahukumiwa na kufungwa sawa mtu mzima, katika chumba kimoja na wauaji. Wamama na wababa wenye huruma wakasema hapana, mtoto hapaswi kushitakiwa, anapaswa kulelewa. Mwamuzi awe kama mzazi. Na kama mwamuzi ni mzazi, avoka ni wa nini? Mashahidi wa kuapishwa ni wa nini? Nani anapeleka avoka nyumbani ili aongee na baba yake? Basi hayo yote yakaondolewa. Kwa miaka zaidi ya sitini mtoto wa Marekani alikuwa anaingia ku ofisi ya mwamuzi, wanaongea kidogo, na anatoka amepewa miaka.

Kesi ya kwanza ilikuwa ya kijana wa Washington aliyeitwa Kent, mwenye miaka 16, aliyeshitakiwa makosa mazito sana. Mwamuzi wa watoto alimtupa ku tribinali ya watu wazima bila kumsikiliza, bila kumruhusu avoka wake kuona dosie, na bila kueleza sababu. Mwaka 1966 Fortas aliandika kwamba hiyo haiwezi kukubaliwa. Waamuzi watano walikuwa upande huo, wanne wakakataa. Ndani ya hukumu hiyo aliweka wasiwasi wake: pengine mtoto anapata ubaya wa pande zote mbili, hapati kinga ya mtu mzima, na malezi aliyoahidiwa hayapati pia.

Kisha ikaja kesi ya Gault.

Jirani mwanamke alikuwa amelalamika kwamba watoto walimpigia simu na kumwambia maneno ya aibu. Gerald alikamatwa pamoja na rafiki yake. Alikuwa chini ya uangalizi tayari, juu miezi michache mbele alikutwa pamoja na mtoto mwingine aliyeiba pochi ya mama mmoja. Kesho yake wakamweka mbele ya mwamuzi, ndani ya ofisi. Baba hakuwepo, alikuwa kazini mbali na mji. Yule mwanamke aliyelalamika hakuwepo. Hakuna mwenye aliapishwa na hakuna mwenye aliandika maneno yaliyosemwa. Kisha, walipoulizwa, kila mtu alikumbuka yake: mama alikumbuka mtoto akisema alizungusha namba tu na kumpa rafiki yake simu, mtumishi wa tribinali alikumbuka mtoto akikubali kosa, na mwamuzi alikumbuka amekubali sehemu. Mtoto wa miaka 15 alifungwa kwa maneno ambayo hata wakubwa watatu hawakukubaliana kama aliyasema.

Siku ya pili ya kesi, tarehe 15, mama aliomba yule mlalamikaji aitwe ili aseme ni mtoto gani alimsikia. Mwamuzi akasema si lazima. Akatoa uamuzi wake: mpaka miaka 21. Kwa kosa lilelile mtu mzima wa Arizona angelipa faini ya dola 5 mpaka 50, ao angefungwa kwa muda usiopita miezi miwili. Na sheria ya jimbo haikumruhusu mtoto kukata rufaa.

Wazazi wake walikuwa watu wa kawaida, lakini hawakunyamaza. Walimpata avoka mwanamke, Amelia Lewis, naye akatafuta njia ingine: akaomba tribinali iangalie kama mtoto anafungwa kwa haki ao bila haki. Arizona ikakataa mpaka juu kabisa. Ndipo kesi ikafika Washington, na avoka Norman Dorsen akaisemea mwezi wa kumi na mbili 1966.

Hukumu ya Fortas ilitoka tarehe 15 mwezi wa tano 1967. Ni ndefu. Inasimulia historia yote ya tribinali za watoto, tangu Chicago, na inaipa heshima ile nia nzuri ya wale walioianza. Lakini inasema kwamba chumba chenye kufungwa na kufuli ni gereza, hata ukikiita masomo ao nyumba ya malezi. Na mtu hawezi kufungwa humo, hata kama ni mtoto, bila mambo manne: mtoto na wazazi waelezwe mapema na kwa maandishi ni kosa gani, wajulishwe kwamba wana haki ya avoka, na kama hawana feza watafutiwe, mlalamikaji na mashahidi waje waulizwe, na mtoto aambiwe kwamba halazimiki kujishitaki kwa kinywa chake.

Mwamuzi mmoja, Potter Stewart, alikataa. Sauti yake pia ina uzito. Aliogopa kwamba tukiifanya tribinali ya watoto ifanane na ya watu wazima, siku moja tutarudi kuwahukumu watoto sawa watu wazima. Na kweli, miaka iliyofuata majimbo mengi ya Marekani yalianza kuwapeleka vijana ku tribinali za wakubwa, na wengine wakapewa vifungo vya maisha. Lakini kosa hilo haliwezi kubebeshwa avoka. Bila avoka wangalipelekwa vilevile, na kimya kimya.

Hapa kwetu Kongo, mambo ya watoto waliokosa yalikuwa yanafuata dekreti ya wakoloni ya tarehe 6 mwezi wa kumi na mbili 1950, mpaka ilipotoka sheria namba 09/001 ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 juu ya ulinzi wa mtoto. Sheria hiyo haikutoka kwa Fortas. Imefuata zaidi mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1989 juu ya haki za mtoto, ambao inchi yetu, wakati ule Zaïre, iliukubali mwaka 1990, na ambao Marekani yenyewe mpaka leo haijauthibitisha. Lakini ukisoma zote mbili utaona wazo ni lile la Globe. Mtoto ni mtu mwenye hajafika miaka 18. Chini ya miaka 14 hawezi kuhukumiwa kwa kosa. Kesi yake ni ya tribinali ya watoto, na ana haki ya kusaidiwa na avoka, hata kama lazima atafutiwe. Mzazi mwenye mtoto ku kasho anaweza kuuliza jambo hilo kwa OPJ ao ku parke bila kuona haya, na anaweza kubisha ku baro ya maavoka, penye kuna ofisi ya kusikiliza watu bure. Kama atampata avoka siku ileile, hiyo ni habari ingine. Mtu wa Walikale ao Shabunda anajua ni safari gani kufika mbele ya mwamuzi wa watoto, na wakati wa vita hata hiyo safari haipatikani.

Fortas aliandika hukumu moja ingine kubwa ya watoto, tarehe 24 mwezi wa pili 1969. Wanafunzi wa Des Moines, mdogo wao akiwa na miaka 13, walikuwa wamefukuzwa masomoni juu walivaa kitambaa cheusi ku mkono kuomboleza wafu wa vita vya Vietnam. Aliwapa haki: mtoto haachi uhuru wake ku geti ya masomo. Ajabu ni kwamba Fortas mwenyewe alikuwa anamuunga rais mkono katika vita hiyo, na hata akiwa mwamuzi alikuwa anaendelea kumpa shauri kwa siri. Mwamuzi hapaswi kufanya hivyo. Kazi ya mwamuzi ni kusimama mbali na rais.

Mwezi wa sita 1968 Johnson alitaka kumpandisha awe mkubwa wa waamuzi wote. Maseneta wakaanza kuchimba. Wakagundua yale mashauri ya siri. Wakagundua tena kwamba alilipwa dola 15 000 kufundisha muda mfupi ku chuo kimoja, na feza ilitolewa na matajiri waliokusanywa na Paul Porter, mwenzake wa zamani wa kabine. Wengine walikuwa wanamchukia tayari kwa sababu ya hukumu za mahakama ile juu ya haki za weusi na za washitakiwa. Mwezi wa kumi jina lake likaondolewa.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tano, gazeti la Life likatoa mabaya zaidi. Tajiri mmoja, Louis Wolfson, aliyekuwa anachunguzwa na serikali, alikuwa amefanya mapatano kupitia shirika lake: Fortas apewe dola 20 000 kila mwaka, maisha yake yote. Feza ya kwanza aliipokea mwaka 1966 na akairudisha miezi kadhaa kisha, lakini alikuwa ameipokea. Alisema hakufanya kosa lolote. Tarehe 14 mwezi wa tano 1969, miaka miwili kasoro siku moja tangu hukumu ya Gault, akaacha kiti. Yeye aliyejua kuliko wengi kwamba mtu hapaswi kuamua akiwa amefungwa na deni la mtu mwingine, hakuliona hilo kwake mwenyewe. Ao aliliona, na mshahara wa mwamuzi ukamshinda.

Aliomba kurudi ku kabine aliyoianzisha. Wadogo wake wa zamani, wengine yeye ndiye aliyewafundisha kazi, wakamkataa. Jina lake likaondolewa ku mlango. Akafungua kabine ingine ndogo, akaendelea kutumika kimya, na kupiga violini.

Hukumu zake zilibaki. Mwaka 1970 Mahakama Kuu, yeye akiwa ameondoka, iliongeza kwamba mtoto hawezi kupatikana na kosa kama kuna shaka ya maana, sawa mtu mzima. Majimbo yakalazimika kutafuta maavoka wa watoto. Mahali fulani waliwapata wengi, mahali fulani avoka mmoja anabeba dosie nyingi mpaka anamjua mtoto jina tu, dakika chache kabla ya kuingia.

Kwa miaka karibu 13 Fortas hakusimama tena mbele ya ile mahakama. Alirudi mwezi wa tatu 1982, akiwa na miaka 71, safari hii kama avoka wa kawaida, upande wa maombi, akiangalia juu kwenye viti ambavyo kimoja kilikuwa chake. Alikuja kusemea chama kimoja cha Puerto Rico, kile cha marafiki zake wa zamani. Wiki mbili kisha, tarehe 5 mwezi wa nne, moyo ulimshinda, akafa nyumbani Washington. Mwezi wa sita mahakama ilitoa jibu: chama kimeshinda, na waamuzi wote walikubali.